Mama Pasi na Shuka la Juu

Viatu vyenyewe vilikuwa vyeusi, vya mkanda mdogo pembeni na soli ya mpira. Mama Pasi alivinunua mwaka aliopewa cheti cha utumishi wa miaka ishirini. Akavivaa siku ya kupokea cheti, akavivaa siku ya kumzika mumewe, na baada ya hapo vikawa vya siku za heshima tu. Sasa ulikuwa umepita mwaka mzima havimwingii. Miguu yake ilikuwa imevimba kuanzia vidoleni hadi magotini, ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo kama kwenye unga uliokandwa. Alikuwa akitembelea ndala, tena za kiume, na hata hizo mdogo wake alizikata mikanda akaiunga upya kwa kitambaa ili ipanuke.

Jina la Mama Pasi alilipata kazini, likamkaa mpaka majirani wakasahau lile la kuzaliwa. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akinyoosha nguo za wagonjwa katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa ya mji, nyuma ya jengo la wodi. Kilikuwa chumba kirefu chenye kuta zilizotota mvuke. Katikati palikuwa na meza iliyofungwa blanketi, na juu yake pasi tatu nzito ambazo nyaya zake zilining'inia kutoka darini ili zisiburute kwenye nguo. Pasi ya dirishani ilikuwa yake. Mwingine akiigusa kwa bahati mbaya, aliirudisha taratibu kama mtu aliyeshika mkoba wa mgeni.

Hakuwa mtu wa maneno. Ukimsalimu ataitikia, ukimtania atacheka kwa pua, basi. Ila nguo iliyopita mikononi mwake ilijulikana, hata kola ya koti la daktari mwanafunzi ilikaa wima kama ya bosi.

Chumba kile kilikuwa na mtindo wake. Asubuhi wakija wakaguzi, msimamizi aliingia, akapiga makofi mawili na kusema, "Wageni!" Hakuna aliyeuliza maswali. Mashuka yenye madoa ya damu yaliyogoma kutoka, yale ya dawa ya kidonda, yale yaliyoungua, yote yalishushwa chini kabisa ya rafu. Meupe yakapandishwa juu, mikunjo ikitazama nje. Mpangaji alikuwa Mama Pasi. Mkaguzi alikuja, akainua shuka la juu, akalishika, akalinusa, akaandika. Kwa miaka ishirini na sita Mama Pasi hakuwahi kuona mkaguzi akiinua shuka la pili.

"Si uongo huu," aliwahi kumwambia mfanyakazi mpya aliyeshangaa. "Ni heshima. Mgeni haonyeshwi matambara."

Ugonjwa ulimwanzia kwenye pumzi. Akipanda ngazi tatu za stoo anashika ukuta. Kisha tumbo likajaa, watu wakaanza kumtania kwamba atawaletea mtoto uzeeni. Kisha miguu. Daktari wa moyo alimlaza kwa ubavu, akampaka mafuta ya baridi kifuani, akatazama ndani kwa mashine, na alipomaliza alimweleza bila kumficha. Moyo una vyumba, na kati ya vyumba mna milango midogo inayoitwa vali. Mlango wa upande wa kulia wa moyo wake haukuwa ukifunga sawasawa. Damu iliyotakiwa kwenda mbele ilikuwa ikirudi nyuma, inajaa kwenye ini, tumboni, miguuni.

"Sasa hamwezi kuufunga?" aliuliza.

"Kwa kupasua kifua, inawezekana. Lakini wewe mama, kwa hilo ini, nikikupasua sina uhakika kama utaamka." Daktari alisema hivyo akiwa ametazama karatasi. "Endelea na kidonge cha maji. Kimoja kila asubuhi."

Akaendelea nacho miezi saba. Kikamkojoza, maji yakapungua kidogo, yakarudi. Msimamizi akamtoa kwenye pasi akamweka kwenye kukunja, kazi ya kukaa kwenye stuli. Pasi ya dirishani ikaning'inia bila mtu.

Ndipo likaja jambo la kibanio.

Muuguzi wa utafiti, mwanamke mwenye miwani iliyomshuka puani kila akiinama, aliwakusanya wagonjwa wanne kwenye chumba kidogo cha ghorofa ya pili. Mezani aliweka moyo wa plastiki, na pembeni yake kitu kidogo cha chuma, hakizidi ukucha wa kidole gumba.

"Hiki ni kibanio," alisema. "Hatupasui. Tunapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa pajani, unapanda mpaka moyoni, kibanio kinabana kingo za mlango unaovuja ili zikutane. Unalala siku mbili, unarudi nyumbani. Lakini msikie vizuri, hili ni jaribio. Hatujui bado kama kitawafaa wote."

Pembeni ya Mama Pasi alikaa mzee mmoja, dereva wa malori aliyestaafu, tumbo lake limetangulia mbele kama gunia. "Na mrija ukikosa njia?" aliuliza.

"Hauendi wenyewe, baba. Tunauona kwenye picha."

"Maana mimi nimeendesha malori miaka thelathini, nawajua watu wa njia za mkato."

Wakacheka, hata Mama Pasi kwa pua yake.

Muuguzi akaeleza yaliyobaki. Kompyuta ndiyo ingechagua: nusu wawekewe sasa, nusu waendelee na dawa kwanza, wao wawekewe baada ya mwaka. Atakayeingia hakosi. Ila wanaingia wenye uvujaji mkali peke yao, na hospitali ile ilibakiwa na nafasi mbili tu. Kwanza vipimo: picha ya moyo, damu, na kutembea ukumbini dakika sita.

"Siku ya vipimo mje kama mlivyo," alimaliza, akiwagawia kadi. "Dawa mnywe kama kawaida, msizidishe, msipunguze. Kila siku mwandike humu mmekunywa vingapi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, sista," walijibu.

Mama Pasi alielewa kila neno. Lakini mtu aliyepanga mashuka miaka ishirini na sita ana masikio yake ya ndani. Kitu kipya kama kile, cha watu wenye maarifa yao, kitapewa nani? Nafasi mbili, wagonjwa wanne. Akajiangalia miguu iliyojaa ndala, akamtazama dereva na gunia lake, akawaza kwamba hawa watu wanatafuta mwili utakaokibeba hicho kibanio kikae. Watachagua palipo na nafuu. Nani apige kitasa kipya kwenye mlango uliokwisha kuliwa na mchwa?

Kwenye chumba cha kufulia walipopata habari, hapakukalika.

"Kibanio?" alisema Bonge, mwendesha mashine, ambaye alikuwa mwembamba kama mpini wa ufagio. "Cha nguo?"

"Cha moyo."

"Yaani wanakuanika! Mama Pasi, miaka yote umeanika wenzako, leo zamu yako."

"Waambie wabakize kimoja cha mdomo wako," alisema mmoja wa wafuaji. "Nao unavuja."

Mama Pasi akacheka mpaka akakohoa, akashika meza. Bonge akaacha utani, akamletea stuli. "Lakini watakuchukua?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nikifaulu."

"Utafaulu. Wewe? Rafu yako haijawahi kuandikwa kosa."

Neno hilo alirudi nalo nyumbani.

Aliishi na mdogo wake, mjane kama yeye, vyumba viwili na uwanja mdogo wa saruji. Mdogo mtu alikuwa kinyume chake, mdomo haupumziki, ukimwacha na mlango utamkuta anauhadithia. Siku tatu kabla ya vipimo aliona dada yake anakwenda chooni, anarudi, anakwenda tena.

"Dada, umekunywa kisima?"

"Dawa tu."

"Vingapi?"

"Kimoja," alisema Mama Pasi. Alikuwa amekunywa vitatu. Na maji ya kunywa alikuwa akilowanisha ulimi tu, anatema. Kwenye kadi aliandika kwa mwandiko wake ulionyooka: kimoja. Kesho yake tena: kimoja. Na siku ya tatu.

Asubuhi ya vipimo alikaa kitandani, akatoa viatu vyeusi kwenye boksi, akatia mguu. Ukaingia. Mkanda ukafika tundu la mwisho, lakini ukafunga. Akatia wa pili. Akavitazama viatu vyake kama mtu aliyerudishiwa kitu alichoibiwa.

"Eeh!" mdogo wake alipiga kigelegele mlangoni. "Bibi harusi! Si nilikwambia dawa inafanya kazi?"

Ukumbini kulikuwa na koni mbili za plastiki, moja huku na moja kule, na muuguzi ameshika saa. "Mwendo wako wa kawaida, mama. Ukichoka, simama. Si mashindano."

Dereva alikuwa ametangulia. Alikuwa amekuja na kandambili, shati halifungi, na kwenye dakika ya tatu aliketi sakafuni akasema, "Gari limezima." Muuguzi akaandika. Mama Pasi alimwonea huruma yule mzee. Moyoni akasema, maskini, huyu amejiharibia.

Yeye akatembea. Kinywa kilikuwa kikavu kama pamba, masikio yanalia, na kwenye kona ya koni ya pili ukumbi uliyumba kidogo, lakini hakushika ukuta. Akajikaza kisabuni. Viatu vilipiga sakafu, ko, ko, ko, na sauti ile ilimpa nguvu kuliko dawa yoyote.

"Mita mia tatu na tisini!" alisema muuguzi, miwani ikamshuka. "Hongera, mama."

Kwenye damu ilikuwa kazi. "Mishipa yako imejificha," alisema kijana wa maabara. "Umekunywa maji leo?"

"Nimekunywa."

Kwenye picha, mpigaji alirudia sehemu moja mara nne, akakunja uso, akamwita daktari. Daktari akatazama, akatikisa kichwa. Mama Pasi amelala kwa ubavu, anatazama ukuta, akajua wameinua shuka la juu na wamelikuta jeupe.

Walimwita Jumatano. Alivaa viatu tena, ingawa safari hii mkanda aliufunga kwa kuvuta pumzi.

"Mama," alisema daktari, "ule uvujaji uliokuwa mkali, safari hii tumeukuta wa wastani."

"Umepungua?"

"Umepungua."

"Nashukuru sana, daktari."

Daktari na muuguzi walitazamana. "Mama, hujanielewa. Utafiti huu ni wa wenye uvujaji mkali tu. Kwa vipimo hivi, huingii."

Mama Pasi aliusogeza mguu chini ya kiti.

"Kwa hiyo nimepona?"

"Hujapona. Utaendelea na dawa zako."

Muuguzi akavuta kadi, akaipapasa kwa kidole. "Mimi kuna kitu hakiniingii akilini. Uvujaji hauondoki hivi hivi. Mama, zile siku tatu, vidonge ulikunywa vipi?"

Mwandiko wa Mama Pasi ulikuwa pale mezani, umenyooka kama kola. Kimoja. Kimoja. Kimoja.

"Kama nilivyoandika," alisema.

Nyumbani hakusema kitu, na hakukuwa na haja. Mdogo wake alikuwa akifagia chumba, akakuta chini ya godoro karatasi ya vidonge, ile ya kubonyeza, yote tupu. Akasimama nayo mlangoni.

"Hii ilikuwa ifike mwisho wa mwezi."

Mama Pasi alikuwa akivua viatu.

"Dada. Wamekuambia nini leo?"

"Hawanitaki. Wamesema sivuji vya kutosha."

Mdogo mtu akaketi pale pale kizingitini, akaitazama ile karatasi, akayatazama yale matundu matupu, ikamwingia.

"Umejikausha," alisema polepole. "Wao wanatafuta mgonjwa, wewe unawapelekea mzima. Dada, ulikuwa unaenda kwa daktari au kwa mchumba?"

"Sikutaka wanione vile."

"Wakuone vipi? Ndiyo kazi yao kukuona vile!" Alikuwa analia kwa hasira. "Kesho unarudi. Unawaambia ulikosea."

"Sikukosea. Nilihesabu."

"Basi waambie ulihesabu!"

"Niseme nimeandika uongo kwa mkono wangu? Pale pale ninapofanya kazi?"

"Useme, ndiyo. Au nikaseme mimi."

"Ukithubutu," alisema Mama Pasi, "hatutasalimiana tena." Na mdogo wake alimjua, alikuwa mtu wa kutimiza.

Alhamisi alikunja mashuka siku nzima. Mara mbili alisimama kwenda ghorofa ya pili, mara mbili msimamizi alimuuliza anakwenda wapi, akaketi. Ijumaa mchana alipiga moyo konde. Ila hakuweza kwenda mikono mitupu, hilo hakulijua maishani. Akachukua rundo la magauni ya wagonjwa yaliyonyooshwa, akalikumbatia, akapanda lifti. Alilikuta lile jambo limeshapangika kinywani: sista, kadi ile si ya kweli.

Muuguzi alikuwa peke yake, anaandika. Akainua uso, akatabasamu.

"Karibu mama. Kuna jambo?"

Tabasamu lile ndilo lililomvunja nguvu. Ni la mtu anayemwamini mwenzake.

"Nimeleta nguo," alisema Mama Pasi. Akaziweka kwenye kiti, akazisawazisha pembe, akatoka.

Jumamosi maji yalirudi. Hayakurudi taratibu kama yalivyozoea, yalirudi kwa kishindo, tumbo na miguu na uso, na vidonge havikuwepo vya kuyazuia. Jumapili alikaa kwenye kiti kutwa nzima, maana akilala pumzi inakata. Mdogo wake alimkanda miguu bila kusema neno, jambo ambalo lilimtisha kuliko kelele zake.

Jumatatu alipanda tena ghorofa ya pili, mdogo wake amemshika kwapa, miguuni ndala za kiume. Safari hii hakubeba kitu. Alisimama mlangoni, akasema yote bila kukaa, haraka, kama mtu anayemwaga ndoo: vitatu kila siku, maji alikuwa anatema, kadi ni ya uongo.

Muuguzi alivua miwani.

"Mama, ukijikausha hivyo damu inapungua mwilini, moyo unasinyaa kidogo, kingo za mlango zinasogeleana. Uvujaji unaonekana mdogo. Maji yakirudi, unavuja vilevile." Akairudisha miwani. "Ijumaa ulikuja hapa."

"Nilikuja."

"Ulileta nguo."

"Nilileta nguo."

"Saa nane ile nilikuwa bado na nafasi moja." Hakusema kwa ukali. Ingekuwa nafuu angesema kwa ukali. "Saa tisa nikatuma jina la mama mmoja wa mji wa jirani. Nafasi zimekwisha, mama. Kwetu pamefungwa."

"Hakuna namna, sista?" aliuliza mdogo mtu. "Hata ya kusubiri?"

"Labda ufunguliwe utafiti mwingine. Lini, sijui." Akafungua faili, akalifunga. "Na majibu ya damu yako yamefika, figo zimechoka. Kwa ule ukavu. Zikikaa hivyo, hata huo mwingine hawatakupokea. Leo nakulaza."

Wakamlaza siku tisa. Shuka alilolalia alilijua, alilitambua kwa mshono wa pembeni aliouziba mwenyewe. Siku ya sita dereva alipita ukumbini anajaribisha miguu, ana plasta pajani. Kompyuta ilimchagua wa kuwekewa.

"Dada, mbona uko huku?" alimpigia kelele kutoka mlangoni. "Mimi wamenibana! Nimefika mpaka dirishani bila kusimama. Wewe uliyetimka kama askari, wamekuweka lini?"

"Bado," alisema Mama Pasi.

"Watakuweka. Wewe ulitushinda wote."

Alirudi kazini baada ya mwezi, nusu siku, kwenye stuli. Figo zilinyanyuka kidogo, hazikurudi zilipokuwa. Kutoka ghorofa ya pili hakuna aliyemwita. Viatu vyeusi alimpa mdogo wake, naye akavirudisha kwenye boksi bila kuvijaribu.

Kisha asubuhi moja msimamizi akaingia, akapiga makofi mawili. "Wageni!"

Watu wakatawanyika kama kawaida. Mama Pasi akasogeza stuli mpaka kwenye rafu, akaanza kupanga, meupe juu, mengine chini. Alipofika shuka moja lenye doa la damu ya zamani, pana, rangi ya kutu, alisita. Alilikunja mwenyewe juzi, mikunjo yake iko sawa. Akalipandisha. Akaliweka juu ya yote, doa likitazama mlango.

"Mama Pasi," Bonge alinong'ona, "hilo umelisahau."

"Sijalisahau."

"Watatuandika."

"Waandike."

Bonge alimtazama miguu, akamtazama uso, akarudi kwenye mashine yake.

Mkaguzi, kijana mwenye simu sikioni, alikuja na msimamizi. Alisimama mlangoni kwa sababu ya mvuke. Akaangalia rafu kwa mbali, akaangalia darini, akauliza kizima moto kiko wapi, akaonyeshwa, akaandika kitu, akatoka. Hakuna alichokigusa.

Mashine zikaendelea kuguruma. Mama Pasi alikaa pale muda mrefu, mkono juu ya doa, akivuta pumzi fupi fupi. Kisha akalishusha shuka, akalirudisha chini ya mengine, na akaendelea kukunja.